Nyumba ya Keraryo

Jumapili, 2 Machi

Tumeanza kufunga Ramadhani leo, na mvua nayo imeanza leo, ile yenye upepo wa ziwani inayosukuma maji chini ya mlango. Nimeziba kwa magunia. Mama akaniangalia ninavyohangaika, akasema, "Acha yaingie, yatatoka." Yuko kitandani tangu Januari, miguu imevimba, daktari anasema moyo umechoka, lakini kunipangia kazi hajachoka.

Baada ya uji wake akalirudia lile neno. "Nikifa unipeleke kwa baba." Nikamwambia mama, hufi leo. Akasema hajasema leo.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Marehemu baba yangu, Rashidi fundi cherehani, yuko kwenye makaburi ya Waislamu hapa Musoma. Alimuoa mama akiwa Yuliana na Yuliana akabaki, na rozari yake, na baba hakumsumbua hata siku moja. Waliishi vizuri. Kaburi ndilo lililobaki bila jibu: kando ya baba hawezi kulazwa. Parokiani wangempokea, lakini anasema hataki kulala na watu asiowajua. Anataka Butiama, kwa baba yake aliyeitwa Keraryo. Na Butiama hatujui mtu. Aliondoka huko mdogo, kama miaka minane, mama yake akamshika mkono wakakimbilia Kibara kwa wavuvi, hawakurudi tena. Kitongoji hakijui. Anachokumbuka ni jiwe kubwa na njia ya kwenda Buhemba. Butiama nzima ni mawe.

Mimi ni mtoto mmoja, sina mume wala watoto. Nikikosea hili hakuna atakayelirekebisha.

Jumanne, 4 Machi

Mteja mpya hapa steshenari ninapochapa kazi za watu. Anaitwa Edwin, anafundisha historia Bunda, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha. Anakusanya habari za koo za Butiama. Kuna karani wa zamani aliyefariki, na wajukuu zake wamemruhusu apige picha daftari la hesabu ya watu la mwaka 1948. Anataka mtu wa kuliingiza kwenye Excel ili watu watafute mababu zao kwa simu. Nikamuuliza limefika mpaka njia ya Buhemba? Akasema limefika. Nikamwambia sitaki hela yake, nataka niwe wa kwanza kutafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imeanza. Karani aliandika kwa mwandiko wa kulala, wino wa buluu, na kila nyumba ina mstari wake: mkuu wa nyumba, mme au mke, wake, watoto wa kiume, watoto wa kike, ng'ombe. Majina ya watoto hakuna, ni idadi tu. Ng'ombe nao wamehesabiwa tu. Kwa hiyo mama yangu humo ndani ni namba moja kwenye kolamu ya watoto wa kike, sijui ya nyumba ipi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimefuturu peke yangu, mama amelala.

Alhamisi, 13 Machi

Hafidha, jirani yangu muuza maandazi, ndiye anayekaa na mama nikiwa kazini. Leo kaniambia mama alikuwa akiongea na baba yake mchana kutwa. "Anasema baba alikuwaga anamsuka nywele. Halafu anasema mfungulieni mtoto, analia." Nikamwambia ni dawa zile, zinamchanganya. Hafidha akaendelea kukanda unga wake.

Nilimuuliza mama mwenyewe baba yake alikuwaje. Akasema alikuwa mkali, ana mikono migumu, na akikusuka lazima ulie. Nikaacha. Kichwa kimechoka na mimi nimefunga.

Jumatatu, 17 Machi

Yule karani sijui alikuwa anakunywa nini. Kuna nyumba chache ameandika mkuu ni "Mke", halafu kwenye kolamu ya wake ameandika "mmoja". Mke ana mke. Ni herufi moja tu, m na k, ameteleza. Nimeweka sharti kwenye Excel kwamba mwenye wake lazima awe "Mme", zote zikawaka nyekundu. Nimezisahihisha moja moja, nikazipaka njano ili Edwin aone kwamba huku anafanyiwa kazi ya maana. Amejibu kwa simu: "Safi sana dada Faudhia, data chafu haifai." Nikajiona mtu.

Jumanne, 25 Machi

Nimemaliza. Nikaweka filta kwenye jina, nikaandika Keraryo. Wametokea kadhaa. Mmoja ana wake watano, mwingine hana mtoto wa kike, mwingine yuko upande wa ziwa kabisa. Akabaki mmoja: njia ya Buhemba, mke mmoja, mtoto wa kike mmoja, ng'ombe wa kutosha. Mstari wa njano, mmoja wa wale niliowasahihisha. Nikakaa nimeutazama mpaka Hafidha akaniuliza kama nimepata barua ya mapenzi.

Nimemwambia mama nimempata baba yake. Akafungua macho. "Anasemaje?" Nikamwambia mama, ni kwenye kompyuta. Akayafumba.

Jumamosi, 29 Machi

Nimerudi kutoka Butiama na miguu imejaa tope na sina nilichopata.

Nilishuka Makutano, nikapanda pikipiki, kitongoji nikakifikia bila shida kwa sababu karani aliandika jina lake vizuri. Na jiwe lipo, kubwa, limeinama juu ya zizi. Nikamkuta mwanaume wa makamo anapalilia mihogo, akajitaja Ryoba. Nikamwamkia, nikatoa karatasi yangu niliyoprinti, nikamwambia: "Namtafuta babu yangu, Mzee Keraryo. Mwaka arobaini na nane alikuwa na nyumba hapa."

Akaisoma ile karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. "Mzee Keraryo," akasema.

"Ndiyo. Mama yangu ni mtoto wake."

"Wanaume wa jina hilo hapa hatujawahi kuwa nao, dada."

Nikamwambia lakini imeandikwa. Akasema imeandikwa na nani? Nikasema na serikali ya wakati ule. Akacheka kidogo, cheko lisilo la urafiki, akaniambia watu wenye makaratasi wanapitaga sana huku, leo anatafuta babu, kesho anatafuta mipaka ya shamba. Kulikuwa na bibi amekaa mlangoni anachambua maharage, hakuinua kichwa. Binti mmoja akaniletea uji wa ulezi. Nikasema asante, sinywi. Nilikuwa nimefunga, lakini sikusema nimefunga, nilisema sinywi tu, kwa hasira. Ryoba akaurudisha mwenyewe. "Hata uji wetu hautaki," akamwambia yule binti.

Nimezunguka nyumba nyingine mpaka mchana. Mzee Keraryo hakuna. Njiani mvua ikanipiga mpaka karatasi ikawa ugali.

Mama hakuniuliza. Aliniona nimeingia, akajua.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Hafidha ameleta pilau. Mama amekula vijiko viwili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Daktari anasema tujiandae. Nimemuuliza tunajiandaaje, akanitazama kama nimemtukana.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda parokiani kuulizia kaburi. Katekista ni mtu mwema, akanionyesha sehemu karibu na ukuta, pana maji yamesimama. Nimesema nitarudi. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza nilikuwa wapi, nikamdanganya nilikuwa sokoni. Akasema, "Samaki wako wapi?"

Nina hasira naye. Naandika kwa sababu hatayasoma haya: nina hasira naye. Mtu anawezaje kumpenda baba yake miaka yote hii na asijue hata jina la kitongoji? Mwenzake nilikuwa na baba mmoja na ninajua hata saizi ya viatu vyake. Nimechoka kumgeuza, nimechoka kumsikiliza akisukwa na huyo baba yake wa ndotoni. Halafu nikimwangalia amelala nafikiria chumba hiki kikiwa kitupu, natamani aamke anipangie kazi.

Jumamosi, 19 Aprili

Lazima niandike leo yote.

Kesho ni Pasaka. Mama tangu asubuhi anasema hawezi kupokea Komunyo na kichwa kama hiki, asukwe. Hafidha akaja na kitana na mafuta ya nazi, akamwegemeza kifuani kwake, akaanza mistari midogo ya kulala. Mimi niko mlangoni na laptopu, nafanya kazi ya watu.

Mama akasema, "Wewe unalegeza. Baba alikuwa anabana."

Hafidha akacheka. "Mama Yuliana na wewe, baba gani wa Butiama wakati ule anasuka mtoto nywele? Wanaume wenyewe hawagusi hata sufuria. Huyo baba yako labda alikuwa mwanamke."

Ulikuwa utani tu. Hafidha aliendelea kusuka, akatafuta uzi. Lakini mama hakucheka. Akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Alikuwa mwanamke. Kwani mimi nimesema nini siku zote?"

Nikafungua lile faili. Nikaenda kwenye mstari wa njano, halafu nikafungua picha ya ukurasa wenyewe, nikaikuza mpaka wino ukajaa kioo. Keraryo. Mke. K ya karani imesimama wima, ina mkono na mguu, haijateleza popote. Aliandika alichokiona. Mimi ndiye niliyembadilisha mtu nikiwa nimekaa kwenye kiti Musoma.

Nyumba ntobhu. Nani asiyejua? Nimeisikia redioni mara ngapi, mwanamke asiye na mtoto anatoa ng'ombe, anaoa binti, watoto wa yule binti wanakuwa wa nyumba yake. Nilijua, ila nilijua kama mambo ya Tarime, mambo ya watu wengine.

Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia wakati ule natafuta. Akasema, "Hukuniuliza. Ulikuwa unaandika."

Jumanne, 22 Aprili

Nilimkuta Ryoba palepale kwenye mihogo. Safari hii sikutoa karatasi. Nikamwamkia, nikamwambia: "Namtafuta Keraryo, mwanamke aliyekuwa na mke."

Akachomeka jembe ardhini. Akaita kwa Kizanaki kuelekea nyumba, na yule bibi wa maharage akatoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Siku ile hakuinua kichwa ndiyo maana sikumwona. Ni uso wa mama yangu, ila umejaa zaidi kidogo.

Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Yuliana ni mzima?"

Mimi jina la mama sikulitaja hapo hata mara moja, si leo wala siku ile. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, nikalia mbele ya watu nisiowajua.

Anaitwa Jenoveva. Ni mdogo wake mama, tumbo moja. Uji ukaja, nikanywa wote. Akanieleza bila kupamba. Keraryo alifiwa na mume akiwa hana mtoto, lakini ng'ombe anao, akasema nyumba yake haifi. Akatoa ng'ombe, akaoa binti. Wakazaliwa Yuliana na Jenoveva. "Mwanaume aliyetuzaa tulimjua, alikuwa anapita. Huyo hana maana hapa. Sisi baba yetu ni Keraryo, tulimwita tata, ukimwita bibi anakuchapa."

"Na mama yenu?"

"Mama yetu alikuwa mtoto, hakuulizwa. Keraryo alikuwa mkali kwake kuliko mwanaume. Sasa akakimbia. Akachukua yule anayeweza kutembea. Mimi nilikuwa nalia ndani, na mlango akaufunga kwa nje ili nisimfuate."

Mfungulieni mtoto, analia. Nilitaka kumwambia Jenoveva kwamba dada yake amekuwa akisema maneno hayo kila siku kitandani, nikashindwa. Nimemwambia baadaye, akiwa ananisindikiza. Alisimama, akavuta kitenge mpaka mdomoni, halafu akaendelea kutembea.

Keraryo alikwenda Kibara kuwatafuta, akaambiwa wamehama. Alikufa mwaka ambao Jenoveva aliolewa, kabla hajarudi kuishi hapa. Kaburi lake liko chini ya lile jiwe.

Mwisho Ryoba, mtoto wa Jenoveva, akasema, "Dada, wewe uliniuliza babu. Ningekujibu nini? Babu sina." Nikamwambia ungeweza hata kuniambia una bibi. Akasema, "Na wewe ungeweza kusema umefunga." Tukacheka wote, kidogo, kwa aibu.

Nikauliza kilichonileta. Jenoveva akajibu kabla sijamaliza. Ng'ombe wa mahari ya mama yao hawakurudishwa, kwa hiyo Yuliana hajawahi kutoka kwenye nyumba ile. "Lakini kwa nini aje akiwa maiti? Mlete sasa hivi, anaona."

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia mama: Jenoveva yupo. Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Baadaye akasema, "Anakula vizuri?"

Jumamosi, 3 Mei

Nimekodi gari, tumempeleka. Hafidha alikaa nyuma amempakata. Mvua iliacha tulipopita Makutano, barabara inatoa mvuke.

Jenoveva alitoka akasimama mbele ya mlango wa gari, hakuufungua. Nikaogopa. Miaka yote hiyo, nilifikiri, sasa ndiyo anaidai. Mama akamtazama kwa dirishani, akasema: "Walikufungulia?"

"Tata alirudi kutoka kukamua, akanifungulia."

"Basi," mama akasema.

Na ikawa basi kweli. Walimbeba ndani, Ryoba na binti yake. Nilipoingia na mkoba wa dawa nikawakuta wamekaa kitandani, Jenoveva anazifumua zile nywele alizosuka Hafidha, anasema huu ni usukaji wa mjini.

Jumapili, 4 Mei

Nilipanga tukae siku mbili turudi naye. Asubuhi nikamwambia mama gari linakuja. Akasema, "Nenda mwanangu, una kazi. Utakuwa unakujaga." Hakusema kwa ubaya. Aliongea Kizanaki na mdogo wake usiku kucha, lugha ambayo mimi hakunifundisha, na sijawahi kumsikia anacheka vile.

Nimerudi na Hafidha. Nimefua mashuka yake.

Ijumaa, 9 Mei

Nyumba inanizidi ukubwa. Nimepika uji wa ulezi asubuhi kwa mazoea, nikaunywa mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei

Butiama. Anakula. Miguu ileile. Amenipangia kazi ya kurekebisha paa la banda la kuku la Jenoveva.

Jumatano, 14 Mei

Nina wivu. Nimemtafutia mama yangu ndugu, na sasa nina wivu nao kama mtoto. Hafidha anasema ni kawaida, nile.

Jumapili, 18 Mei

Butiama. Alikuwa amelala, nilimshika mkono. Nilipoondoka alikuwa bado amelala.

Jumatatu, 26 Mei

Ryoba amepiga simu alfajiri. Alisema, "Dada, njoo," na mimi nikajua, kama mama alivyojua siku ile nilipoingia na tope.

Alhamisi, 29 Mei

Tumemzika jana. Jua lilikuwa kali, udongo umekauka juu na chini bado una unyevu, wachimbaji hawakupata tabu. Padri alikuja, Edwin alikuja na shati lake. Mzee wa ukoo, Magige, aliuliza mbele ya watu, kama wanavyouliza: "Huyu ni wa nyumba ya nani?" Jenoveva akajibu, "Ya Keraryo." Hakuna aliyeuliza zaidi. Kazi yangu yote ya masika ilikuwa hayo maneno mawili, na aliyeyasema si mimi.

Amelala kando ya baba yake chini ya jiwe. Upande wa pili Jenoveva amenionyesha mahali pake mwenyewe, kwa mguu, kama mtu anayeonyesha atakapopanda mahindi. Mimi sina mahali hapo na sikuomba. Mimi ni wa Rashidi, nitazikwa Musoma kwa Waislamu, na baba. Nilisimama nikayafikiria hayo: mama na Rashidi wake waliishi chumba kimoja maisha yote, na sasa barabara yote ile iko katikati yao, na mimi nitakuwa upande mmoja tu.

Jioni Ryoba akaja kukaa karibu nami. Akasema, "Dada Faudhia, wewe una nyumba yako, una kazi yako, mtoto huna. Oa tu. Ng'ombe nitakuchagulia." Nikacheka mpaka wazee wakageuka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Januari. Halafu nikamwambia hapana, kuna binti mmoja alishafungia mtoto ndani kwa sababu hiyo. Akatikisa kichwa, akasema kweli.

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimekwisha. Jana Idi kubwa, Hafidha kaleta nyama. Ufukweni dagaa wameanikwa tena, harufu yake imeingia mpaka hapa.

Edwin alipiga kuuliza zile seli za njano, ni sahihi? Nikamwambia si sahihi hata moja. Mchana nimekaa nikazirudisha zote alivyoandika karani: Mke, Mke, Mke. Sharti langu likaziwasha nyekundu zote, nikalifuta sharti. Sijui hao wengine walikuwa akina nani na waliwasuka watoto gani, lakini wamerudi mahali pao.

Anataka pia laha nyingine, ya vizazi vilivyo hai, na akasema nianze na wa kwetu. Nimemwandika Jenoveva, na Ryoba na binti yake. Nikafika kwangu. Kolamu ni zilezile za karani.

Mkuu wa nyumba: Faudhia Rashidi. Mke. Wake: hakuna. Watoto: hakuna. Ng'ombe: hakuna.

Edwin ameongeza kolamu moja mwishoni, karani hakuwa nayo: watu wanaolala humo. Nimeandika mmoja. Nikasubiri kidogo, sijui nilikuwa nasubiri nini, labda iwake nyekundu. Haikuwaka. Nikahifadhi faili, nikaenda kuyatoa yale magunia mlangoni.